Dhamana ya Mwalimu wa Kompyuta

Katika shule nyingi za sekondari zilizotapakaa baina ya mto Tana na mpaka wa Somalia yuko mwalimu mmoja ambaye, kwa kuwa alisoma kompyuta chuoni, au kwa kuwa tu alionekana siku moja akiinasua karatasi iliyokwama katika mashine ya kuchapisha, amekabidhiwa kila kitu chenye waya. Huyo hufundisha hisabati au fizikia tangu asubuhi hata alasiri. Hutunza maabara ya kompyuta, ambayo vumbi na joto la Garissa huila kila siku. Huitwa ofisini karani anaposhindwa kutoa risiti za karo. Hupandisha alama katika tovuti ya Baraza la Mitihani, huwasajili watahiniwa, huwasaidia wenzake kujaza fomu za tathmini za Tume ya Huduma za Walimu. Na muhula ufunguliwapo ndiye aketiye usiku na orodha ya wanafunzi wapya, ili majina yao yaingie katika daftari la Wizara ya Elimu kabla ya muda kwisha. Hana naibu, wala cheo, wala posho kwa kazi hiyo ya pili, na aghalabu hana hata kompyuta yake mwenyewe. Sasa, fauka ya hayo, anaambiwa kwamba usalama wa taarifa zote za shule u juu yake.

Nayaandika haya kwa ajili ya wale wawezao kumpunguzia mzigo: walimu wakuu, wajumbe wa bodi za usimamizi, wakurugenzi wa elimu, na wazazi. Shule hizi hazina haja ya kungoja mfadhili, wala mtaalamu kutoka Nairobi, ndipo ziwalinde watoto wao vizuri kuliko zinavyowalinda leo, maana zana zilizo bora zimo tayari ndani ya mashine na simu zilizonunuliwa zamani. Nazo zimelala bure kwa sababu moja kubwa, ambayo ni kwamba yule aliye na maarifa ya kuzitumia hakupewa wasaa wala amri ya kuzitumia.

Yafaa kwanza tujue kinacholindwa. Mwaka 2017 Wizara ilianza kuwaandika wanafunzi katika mfumo wa NEMIS, ambao ulimpa kila mtoto namba yake ya pekee baada ya kuingizwa namba ya cheti chake cha kuzaliwa pamoja na habari za wazazi wake, na kwa hesabu ya namba hizo serikali ilipima fedha zilizopelekwa shuleni. Mahali pengine pa nchi kosa katika daftari kama hilo ni usumbufu wa siku chache. Huku Kaskazini Mashariki, jina lililoandikwa pasipo pake, au lililotumiwa na mwingine, laweza kumfuata mtu katika utu uzima wake wote. Wapo maelfu ya Wakenya wa Garissa na jirani zake ambao wazazi wao, katika miaka ya ukame, waliwaandikisha wangali watoto katika kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991, wapate posho ya chakula na matibabu; walipotimiza miaka kumi na minane na kwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zikaonekana katika daftari la wakimbizi, wakaambiwa kuwa wao si raia. Wengine wakakaa miaka mingi bila kazi ya mshahara, bila akaunti ya benki, bila laini ya simu kwa jina lao. Hata wale ambao hawakutia mguu kambini walipitia, wao na baba zao, uchunguzi wa ziada ambao Mkenya wa Nyeri au Kisumu hakuujua, mpaka Februari 2025, Rais William Ruto alipotia saini mjini Wajir tamko la kuuondoa. Watu walioonja uchungu huo hawana haja ya kufundishwa thamani ya daftari. Wana haja ya kuambiwa kwamba daftari la shule ni ndugu wa madaftari hayo, na kwamba leo halilindwi inavyopasa.

Ulinzi wa namna nyingine umefikiriwa sana, na kwa haki. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, walio wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na tangu siku ile kuta zimeinuliwa, seng'enge zimezungushwa, na mgeni hupekuliwa langoni. Hakuna mwenye akili atakayesema kuwa hayo yalizidi. Lakini ni ajabu ya kuhuzunisha kuona ofisi yenye mlango wa chuma na kufuli mbili, na ndani yake, juu ya ukuta ulio mbele ya kompyuta, kipande cha karatasi chenye jina la akaunti ya shule na nywila yake, kimebandikwa ili yeyote atakayeketi pale asipate taabu ya kuuliza.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haimo ofisini wala maabarani. Imo saiba, yaani katika vibanda vya intaneti vya mjini. Muda wa kupeleka taarifa unapokaribia, na intaneti ya shule imekatika, au bando limekwisha, au betri za sola zimechoka, mwalimu mkuu wa shule ya mbali, tuseme ya upande wa Hulugho au Balambala, husafiri hadi mjini, huingia saiba, humkabidhi kijana wa hapo orodha ya wanafunzi pamoja na nywila ya shule, kisha huenda kuswali na kutimiza shughuli nyingine za mji, maana ana siku moja tu. Safari ya pili haji tena. Hupiga simu, na kijana, ambaye nywila anayo, humfanyia kazi, naye humtumia malipo kwa M-Pesa. Simlaumu kijana, wala simlaumu mwalimu. Vijana wa saiba walifanya kazi ambayo dola iliidai kwa shule bila kuzipa njia ya kuifanya, na walio wengi ni waaminifu. Lakini mashine ya saiba huketiwa na watu wa kila namna. Kivinjari chake hukumbuka nywila hata mwenyewe asipotaka. Orodha iliyopakuliwa hubaki katika diski yake baada ya mwenye orodha kwenda zake. Na flashi iliyochomekwa humo hurudi shuleni na vile virusi ambavyo walimu wetu wanavijua mno, vinavyoficha majalada ya kweli na kuweka mahali pake njia za mkato za uongo. Zaidi ya yote, mwenye nywila ya mwalimu mkuu aweza kusoma kila asomacho mwalimu mkuu, na kubadili kila awezacho kubadili mwalimu mkuu, na daftari litaandika kwamba aliyefanya ni mwalimu mkuu.

Asidhani mtu kwamba udhaifu huu ni wa maskini peke yao. Mnamo Desemba 2024, PowerSchool, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mamilioni ya wanafunzi wa Amerika ya Kaskazini, iliingiliwa na mwizi ambaye hakuvunja ukuta wowote. Alikuja na nywila iliyoibwa, akapita katika mlango wa huduma kwa wateja ambao haukudai uthibitisho wa pili, akachota. Miezi ishirini na mitatu kabla yake, Januari 2023, idara ya usalama wa mitandao ya Marekani, iitwayo CISA, ilikuwa imetoa taarifa juu ya shule za nchi ile, na shauri lake kwa shule zenye mikono michache lilikuwa zisianze kwa kununua, bali zianze kwa mambo machache yaliyo karibu: uthibitisho wa hatua mbili, masasisho ya programu, na nakala za akiba zilizojaribiwa. Shauri hilo lafaa Garissa kuliko linavyoifaa California, maana huku pesa ya kununua haipo kabisa.

Basi ikiwa mwalimu wa kompyuta atapewa saa moja tu ya ulinzi katika muhula mzima, ningemwomba aitumie yote kwa barua pepe ya shule. Nywila ya mfumo mwingine wowote ikisahauliwa au ikiibwa, njia ya kuirudisha hupitia katika barua pepe. Kwa hiyo aliye na barua pepe anazo zote. Na barua pepe ya shule, mara nyingi, ni akaunti ya Gmail iliyofunguliwa miaka mingi nyuma na naibu aliyekwisha kuhama, imefungamana na namba ya simu yake, na nywila yake ni jina la shule likifuatwa na mwaka. Akaunti hiyo ibadilishwe namba, ibadilishwe nywila, kisha iwashwe uthibitisho wa hatua mbili, ambao hautozwi hata senti. Hapa lakini yataka uangalifu wa mahali petu. Aghalabu watu huchagua kupokea namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu, na katika nchi ambayo wapiganaji wa al-Shabaab wameilipua minara ya mawasiliano mara baada ya mara, tangu Mandera mpaka Wajir na Garissa yenyewe, ujumbe huo huenda usifike siku ambayo unatakiwa sana. Afadhali itumike programu ya uthibitishaji ndani ya simu mahiri, ambayo hutoa namba zake hata pasipo mtandao. Na pamoja nayo zichapishwe zile namba kumi za akiba ambazo Google humpa kila mwenye kuziomba, zikafungiwe katika sefu ya mwalimu mkuu pamoja na vyeti na muhuri.

Mfumo wa Wizara, na ule wa Baraza la Mitihani, kila mmoja uwe na nywila yake, wala isifanane na ya mwenziwe. Atakayesema kuwa kichwa hakiwezi kuzihifadhi zote ni mkweli, nami nitamjibu kwamba zikiandikwa katika daftari lililofungiwa sefuni hakuna ubaya; ubaya ni nywila moja kwa milango yote. Na safari ya saiba, ikiwa haiepukiki, isiwe safari ya kukabidhi. Kompyuta ya mkononi ya shule, na bando la simu ya mwalimu, hutosha kwa kazi nyingi ambazo leo hupelekwa saiba kwa mazoea tu. Pasipowezekana hivyo, mwalimu aketi mwenyewe, afungue dirisha la faragha la kivinjari, akatae kuhifadhi nywila, afute alichokipakua, na arudipo shuleni aibadilishe nywila ile.

Tukija maabarani, tutakuta kasoro moja iliyo karibu kila mahali, nayo ni kwamba kompyuta zote zina akaunti moja, ya msimamizi, isiyo na nywila au yenye nywila aijuayo hata mwanafunzi mgeni. Wafugaji wetu hawachungi ngamia wasio na chapa. Ngamia apoteaye akionekana kisima cha mbali, alama iliyo shingoni au pajani hueleza ni wa ukoo gani, na hakuna ugomvi. Akaunti ya kompyuta ina kazi hiyo hiyo. Windows, bila ya kuongezwa programu yoyote, humruhusu msimamizi kufungua akaunti za kawaida, moja ya wanafunzi, moja ya walimu, moja ya karani, ambazo haziwezi kusakinisha programu za mashine nzima wala kugeuza mipangilio yake. Na virusi vingi, vikikosa uwezo wa msimamizi, hukwama pale vilipoingilia. Kazi hii ni ya alasiri mbili kwa maabara ya kompyuta ishirini, na ikiisha imekwisha.

Kadhalika kinga dhidi ya virusi, ambayo shule nyingi hudhani lazima inunuliwe kila mwaka, na kwa kukosa fedha huweka ile iliyoibwa, ambayo mara nyingi yenyewe ni virusi. Microsoft Defender imo ndani ya Windows 10 na 11, nayo yatosha. Upungufu wake huku ni kwamba haipati masasisho, maana mashine hazioni intaneti. Dawa ipo: Microsoft huyatoa masasisho ya Defender katika faili moja, ambayo mwalimu aweza kuipakua mjini, akaitia katika flashi safi, akaipitisha kwa kila mashine. Na pale ambapo intaneti ipo lakini bando ni haba, upo mpangilio ndani ya Windows ambao kwao kompyuta moja ikishapakua masasisho huwagawia wenzake walio katika mtandao mmoja, hata kile ambacho kingelipakuliwa mara ishirini kikapakuliwa mara moja. Ruta nayo ibadilishwe nywila iliyotoka nayo kiwandani, na katika sehemu ya DNS iandikwe 1.1.1.3, huduma ambayo kampuni ya Cloudflare huitoa bure tangu 2020, na ambayo huzuia tovuti za hila pamoja na zile za uchafu. Wazazi wa Garissa, ambao wengi wao huiogopa intaneti ya shule kwa sababu hiyo ya pili, watashukuru kwa zote mbili.

Limebaki jambo la umri wa mashine. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizofika shuleni kama sadaka, zikiwa zimetumika ofisini kwa watu miaka kadhaa, haziwezi kupokea Windows 11. Zisitupwe. Ubuntu, ambayo ni programu huria, huenda juu ya nyingi katika hizo, nayo hupokea masasisho kwa miaka mingine. Na mwanafunzi aliyejifunza kuandika barua na kujumlisha jedwali katika LibreOffice hakupungukiwa. Vishikwambi vya mradi wa serikali vilivyogawiwa shule za msingi kuanzia 2016 ni habari nyingine, na si ndefu: palipo na daftari la kuvitoa na kuvirudisha vipo, na pasipo na daftari havipo.

Kuna hatari ambayo haionekani kuwa ni hatari kwa kuwa imevaa sura ya wema. Mzazi aliye Masalani, mtoto wake akiitwa kujiunga na sekondari mjini, hupiga picha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake mwenyewe, akazituma kwa WhatsApp kwa mwalimu wa darasa. Na mwalimu, ambaye simu yake huchezewa na wanawe nyumbani, hukaa na vyeti vya wanafunzi hamsini katika picha zake mpaka simu iibwe au iuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu shule kuwa mwenye dhamana ya taarifa hizo, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na zikivuja kwa namna iwezayo kudhuru, inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Hii si sheria ya karatasi tu. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitoza shule ya Roma, huko Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za wanafunzi wadogo bila ya idhini ya wazazi. Faini kama hiyo ingeifunga shule nyingi za huku. Na kinga yake ni nyepesi: WhatsApp iwekewe namba ya siri ya hatua ya pili, vyeti vipokewe kwa simu moja ya ofisi, vihamishwe siku hiyo hiyo kwenye kompyuta ya msajili, kisha vifutwe simuni, na kabla ya picha za sherehe za michezo kuwekwa Facebook, mzazi awe ametia saini.

Kisha nakala za akiba. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ulijaa ukafurika, barabara ya Madogo ikakatika, mji wa Garissa ukatengwa na Nairobi, na maji yakaingia katika majumba na madarasa ya kandokando ya mto. Katika hali hiyo haisaidii kitu kwamba alama za miaka minne zilikuwa zimehifadhiwa katika kompyuta nzuri, ikiwa nakala yake ya pili ilikuwa ndani ya droo ya meza ile ile. Diski moja ya nje, inayosasishwa kila Ijumaa kabla ya swala na kukaa mahali pengine palipoinuka, na nakala nyingine katika hifadhi ya mtandaoni ambayo Google huwapa bure shule zilizosajiliwa na kukubaliwa kwa huduma yake ya elimu, ni kinga dhidi ya maji, moto, mwizi, na wale wafungao majalada ya watu wakadai fidia. Sharti moja: mara moja kwa muhula faili irudishwe kutoka katika nakala, ionekane kama inafunguka.

Hayo yote hayazidi uwezo wa mwalimu niliyemtaja mwanzo. Yanayomzidi ni saa za siku. Ndiyo maana nasema kwamba msaada autakao si semina nyingine ya siku mbili, ambayo humwondoa darasani na kumrudisha na cheti na vipindi vya kulipa, bali ni mambo ambayo mwalimu mkuu na bodi wanaweza kuyapitisha katika kikao kimoja: apunguziwe vipindi viwili kwa juma, viandikwe katika ratiba kuwa ni vya ulinzi wa mitambo, apewe barua yenye muhuri imruhusuyo kumkatalia yeyote, awe naibu au mwenyekiti wa bodi, nywila isiyomhusu, na atengewe fedha kidogo za bando na diski. Dadaab yatupa mfano. Katika vituo vya Instant Network Schools, mradi ulioanzishwa mwaka 2013 na UNHCR pamoja na Vodafone Foundation, vishikwambi na vifaa vya sola havikuachwa vijitunze. Kila kituo kiliwekewa walimu walioteuliwa kukisimamia, wakatambuliwa kwa kazi hiyo. Shule ya raia isipungukiwe na ile ya mkimbizi katika jambo ambalo gharama yake kubwa ni ratiba.

Mikono ya kusaidia nayo iko karibu. North Eastern National Polytechnic, papo hapo Garissa, hufundisha vijana kompyuta, na vijana hao kila mwaka hutafuta mahali pa mazoezi ya kazi; wengi huishia kupiga chapa katika afisi. Wawili wao, wakiwa chini ya usimamizi wa mwalimu wa kompyuta na baada ya kutia saini ahadi ya kutunza siri, waweza kufungua akaunti, kusasisha mashine na kupanga nakala za shule tatu kwa muhula mmoja.

Na kwa kuwa nchi hii imeona walimu wakihamishwa kwa mamia baada ya mashambulizi, kama ilivyokuwa mwanzo wa mwaka 2020 baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, katika kaunti hii ya Garissa, kila shule iwe na karatasi moja ya makabidhiano iandikwayo wakati wa amani: akaunti ni zipi, namba gani ya simu imefungamana nazo, namba za akiba ziko wapi, diski iko kwa nani, nani mwingine aijua ruta. Mwalimu asiondoke na ufunguo wa shule bila kukusudia, wala shule isianze upya kila apatapo mwalimu mpya. Karatasi hiyo itiwe saini na mwalimu mkuu, nakala yake ya pili ifungwe katika bahasha yenye lakiri na kupelekwa kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na siku mwalimu yeyote aliyetajwa humo atakapohama, nywila zote zibadilishwe na bahasha mpya ipelekwe.